Cheti cha tabia njema cha shemeji yenu

Haya wadau, najua nimekuwa kimya. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kalamu, na wapo waliosema baridi ya Edmonton imenigandisha vidole. Kalamu ipo na vidole vyangu ni vizima. Vidole vilivyoleta kazi ni vya shemeji yenu, na hiyo ndiyo habari ya leo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko ofisini na bosi anapitapita nyuma ya kiti chako, bora uisome ukifika nyumbani.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtoto wa Mafia. Si Mafia ya sinema za Kiitaliano, jamani, huo utani nimeuchoka! Ni Mafia ya mkoa wa Pwani, mbele ya midomo ya mto Rufiji, wilaya ambayo sensa ya mwaka 2012 iliikuta na watu 46,438, yaani wakati ule wasingejaza hata Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Nimezaliwa Kilindoni, nikasomea uandishi wa habari Dar, kisha nikaenda Canada kusoma zaidi na mwishowe nikapata ukaazi wa kudumu. Huko asubuhi nafanya zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee, jioni naandika makala za kujitegemea. Shemeji yenu ni wa Chole, kile kisiwa kidogo unachovuka kwenda kutoka Utende, chenye magofu na popo wakubwa wanaoshinda mchana wakining'inia kwenye miti. Kazi yake ni kuunda vyombo: mashua, madau, na jahazi akipata mwenye fedha. Tulifunga ndoa Desemba 2022, Januari nikarudi Edmonton peke yangu, na Oktoba 2023 nikajifungua binti ambaye baba yake alimwona kwa mara ya kwanza kwenye simu.

Sasa, mwenye ukaazi wa kudumu Canada anaruhusiwa kumdhamini mume au mke wake. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli: picha, meseji, risiti, cheti cha ndoa. Kumbe hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine ni kuthibitisha kwamba mumeo si mhalifu, na hapo hawakuamini wewe wala shehe aliyewafungisha ndoa. Wanaamini polisi. Kanuni yao ni hii: mwombaji alete cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, kuanzia alipotimiza miaka 18. Cheti cha nchi anayoishi sasa kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya maombi. Cha nchi aliyokwishahama kiwe kimetolewa baada ya mara ya mwisho kuishi huko. Juu ya hayo kuna fomu inayotaka historia yako ya miaka 10 bila pengo hata la mwezi mmoja: ulikuwa wapi, ulifanya nini, kwa nani.

Mtaani tunakiita cheti cha tabia njema, na Wakenya nao ndivyo wanavyokijua. Ukilifikiria jina hilo utacheka. Polisi hajui kama unasalimia wakubwa au unalipa madeni. Anachojua ni kama alama za vidole vyako zimo kwenye kumbukumbu zake. Basi.

Nilianza kujaza fomu hiyo mwanzoni mwa mwaka 2024, mimi kwenye kompyuta, yeye kwenye simu. Mwaka 2014 Chole, sawa. Mwaka 2015 Chole, sawa. Mwaka 2016 alikuwa Jibondo akimsaidia mjomba wake, sawa. Tukifika 2017 mtandao unakatika. Wiki inayofuata tukifika 2017 ana mgeni. Wiki nyingine, "Mke wangu, hayo tutaongea ukija." Wadau, mimi ni mwandishi wa habari. Nimewahi kukaa nusu siku nje ya ofisi ya mkubwa anayesemekana yuko kwenye kikao, kwa hiyo mtu anayekwepa swali namjua kwa sauti tu. Nilikuwa najua kwamba kabla hatujajuana aliwahi kwenda Lamu "siku chache". Nikaanza kupiga hesabu zangu za usiku. Ana mke Lamu. Ana mtoto Lamu. Sikumwambia kitu. Nikakusanya likizo zangu zote, nikakata tiketi.

Tulifika Dar mwanzoni mwa Julai 2024, mimi na binti. Alikuja kutupokea uwanja wa ndege akiwa amevaa shati alilofungia ndoa. Akamchukua mwanawe, mtoto akaangua kilio kama anaibiwa, naye akacheka huku machozi yanamtoka. Mnanielewa kwa nini sikuuliza habari za Lamu siku ile.

Kwa kuwa tulikuwa tayari mjini, tukaamua kuanza na cheti cha Tanzania. Maombi siku hizi yanafanyika mtandaoni, unapewa kontro namba, unalipa, kisha alama za vidole zinachukuliwa. Wanaoshughulika na hivyo vyeti ni Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Nilijua itakuwa kazi ya asubuhi moja.

Afande aliyekuwa kwenye mashine alikuwa kijana mpole. Akaweka kidole gumba cha shemeji yenu juu ya kioo, akatazama skrini, akakifuta kile kidole, akakirudisha. Akajaribu cha shahada. Akajaribu mkono wa kushoto. Mwishowe akaugeuza mkono juu, akautazama kwa karibu kama anayesoma gazeti la jana.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

"Fundi wa mashua."

"Basi alama zako zimebaki huko kwenye mashua."

Hakuwa anatania. Ukimtazama fundi wa vyombo utaona ni kwa nini. Mchana kutwa ameshika tezo na msumeno. Akimaliza mbao anakalafati, yaani anasokomeza pamba yenye mafuta kwenye kila upenyo kwa vidole na patasi. Kisha anapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili mdudu asitoboe mbao chini ya maji. Chokaa hiyohiyo inakula ngozi. Vivyo hivyo kwa mama anayepasua kokoto na kwa kijana anayefua nazi kutwa nzima. Ngozi ya juu inalika mpaka inakuwa laini kama kioo cha simu. Nafuu ni kwamba ramani ya alama hizo iko kwenye ngozi ya ndani, kwa hiyo ukiupumzisha mkono zinarudi zilezile ulizozaliwa nazo. Afande akatupa dawa ya bure: wiki tatu asiguse kazi, apake mafuta asubuhi na usiku, kisha arudi.

Wiki tatu! Huko Chole kulikuwa na mashua ya mzee mmoja wa Bweni, mkuku umekwishalazwa, mataruma yamesimama, na mzee ameshatoa nusu ya fedha akitaka chombo chake kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Fundi asipofanya kazi halipwi, na vijana wake wawili nao hawalipwi. Njiani hatukuongea sana. Tulipanda basi Mbagala, tukafika Nyamisati, tukaingia kwenye boti. Julai ni kusi, bahari haina adabu. Binti alinitapikia kuanzia tulipotoka kwenye mikoko mpaka tulipouona mnara wa simu wa Kilindoni.

Mama mkwe alipoambiwa kwamba mwanawe haruhusiwi kushika tezo na kwamba lazima apakwe mafuta ya nazi mara mbili kwa siku, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu amekuwa biharusi! Nimletee na hina?" Majirani wakaja kuangalia. Kwa siku chache za mwanzo shemeji yenu alikuwa anakwenda ufukweni, anaizunguka ile mashua mikono nyuma, anarudi. Mtu aliyezoea kazi ukimnyima kazi, ulimi wake nao unalegea. Usiku wa nne, mtoto amelala, mimi nimewasha kompyuta, akasema mwenyewe, "Haya, lete hiyo fomu."

Shida ya kwanza ilikuwa tarehe. Fomu inataka mwezi na mwaka. Shemeji yenu hahesabu miaka kwa kalenda, anahesabu kwa vyombo. "Hapo nilikuwa kwenye dau la yule mwalimu." "Hapo tulikuwa tunashua ile mashua ya Juani, na mvua ilikuwa kubwa." Nikawa namuuliza maswali kama ninavyowauliza wazee nikiandika makala: wakati huo rais nani, mfungo ulikuwa lini, redio ilikuwa inasema nini? Tukafika 2017. Akanyamaza. Kisha akasema aliingia Lamu wiki ile Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa urais, kwa sababu kwenye boti watu walikuwa hawazungumzi kitu kingine. Hukumu hiyo ilitoka tarehe 1 Septemba 2017. Na alirudi lini? Baada ya Idi ndogo, ile iliyofuata. Idi hiyo iliangukia katikati ya Juni 2018. Hesabu zinatoa miezi tisa na ushee. Siku chache!

Alikuwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu. Kazi huku ilikuwa imepungua, kule palikuwa na mzee anajenga jahazi na anahitaji mikono. Mpaka hapo sikuona kosa. "Na mwanamke je?" nikauliza. Akanitazama kama niliyerukwa na akili. "Mwanamke gani?"

Ndipo akanieleza. Aliingia Kenya kihalali, pasipoti ikagongwa muhuri, lakini muda alioandikiwa ulikwisha na yeye hakwenda kuongeza. Aprili 2018 alitumwa Mombasa kununua misumari. Akavuka Mokowe, akapanda basi, na kwenye kizuizi cha barabarani abiria wakateremshwa wote. Miaka ile barabara ya Lamu ilikuwa inalindwa sana. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Upande wetu nako, Aprili 2017, askari wanane waliuawa kwa mpigo Kibiti, na mauaji ya viongozi wa vijiji yakawa habari ya kila wiki. Akatokea kijana wa Kitanzania, wa Pwani, muda wake umekwisha, hana kibali cha kazi, anasema anakwenda kununua misumari. Wakamuuliza kama ametoka upande wa Kibiti. Akasema hapana, ametoka Mafia, lakini Mafia unafika kwa kupitia Kibiti. Wakamweka ndani.

Alilala sero usiku mmoja. Hakupigwa, asubuhi alipewa chai. Mzee mwenye jahazi akaja akamsemea, wakamwachia, wakamwambia arekebishe karatasi zake au arudi kwao. Hakupelekwa mahakamani wala hakulipa faini. Akarudi Matondoni akamalizia kazi aliyokuwa ameshalipwa, akala Idi, akaondoka. Hakumwambia mtu, hata mama yake. Kwetu, mwanamume akilala sero habari inafika Bweni kabla yeye hajafika nyumbani, na haifiki ikiwa na sehemu ile ya kuachiwa bila kosa.

Nilicheka, wadau. Nisameheni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mke wa pili, nikaletewa sero! Yeye hakucheka. Akatoka nje akakaa kwenye gogo mpaka popo walipoanza kurudi alfajiri. Nikajifunza usiku ule kwamba kitu kidogo kwako si lazima kiwe kidogo kwa mwenzako.

Kulipokucha tukawa na mambo mawili mezani. La kwanza, miezi tisa ni zaidi ya sita, kwa hiyo lazima cheti cha Kenya. La pili lilikuwa zito zaidi. Fomu ya Canada haiulizi tu kama umewahi kuhukumiwa. Inauliza pia kama umewahi kushikiliwa au kuwekwa ndani. Ndiyo au hapana, weka alama.

Shemeji mkubwa, kaka yake, alikuwa na jibu la haraka. "Andika miezi mitano. Mitano haitaki cheti, na habari ya sero inaisha hapohapo. Nani atahesabu?" Jamaa mmoja wa Dar, ambaye kazi yake ni "kusaidia watu wa safari", alikuwa na jibu la haraka zaidi. Kwa laki nne ataleta cheti cha Kenya mpaka mlangoni, bila kusafiri, bila kupanga foleni. Nikamuuliza, kwa vidole vya nani? "Dada yangu, vidole ni vidole."

Sitawadanganya kwamba nilikasirika. Kwa siku mbili nilipiga hesabu. Nauli ya watu watatu mpaka Mombasa na kurudi, malazi, likizo yangu inayoyeyuka, mashua iliyosimama. Laki nne ilikuwa rahisi. Miezi mitano ilikuwa bure kabisa. Nimeandika makala ngapi za kuwasema wanaonunua vyeti? Na hapo nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mama mkwe wangu natafuta namna ya kujisamehe mapema.

Kilichonirudisha kwanza hakikuwa dini wala maadili ya uandishi, ilikuwa ni sanduku la bati. Ndani yake shemeji yenu alikuwa ametunza pasipoti yake ya zamani, zile zilizoacha kutumika Januari 2020 baada ya kuja za kielektroniki. Muhuri wa kuingia Kenya Septemba 2017, muhuri wa kutoka Juni 2018, vyote vinasomeka. Sheria ya uhamiaji ya Canada inasema anayetoa maelezo ya uongo anaweza kufungiwa miaka mitano. Miaka mitano! Binti yangu angekuwa anaanza shule bila baba kwa sababu ya usiku mmoja ambao hata kosa halikupatikana. Tukafunga mjadala wa miezi mitano. Wa sero tukauacha kwanza, tuone Kenya watasema nini.

Wiki tatu zikatimia. Tulirudi Dar, safari hii mashine ilisoma vidole vinane mara moja, na viwili vya mwisho baada ya kupanguswa na kusuguliwa kidogo. Yule afande alimkumbuka. "Mashua zimekurudishia?" Tukatoka pale na risiti, tukapanda basi la Tanga, tukavuka mpaka Horohoro na kuingia Lungalunga, tukapita kivuko cha Likoni, mtoto amelala mgongoni kwa baba yake. Alishamzoea.

Kenya maombi yanaanzia eCitizen, ambako Mkenya analipa shilingi 1,050 za kwao. Unachapisha fomu ya vidole, inaitwa C24, vidole vyote kumi vinapakwa wino, na karatasi inapelekwa makao makuu ya upelelezi, DCI, barabara ya Kiambu, Nairobi. Nilipokuwa namtazama anaviringishiwa kidole kimoja kimoja kwenye wino nilikumbuka kwamba Kenya hii ndiyo iliyokuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika kweli baada ya vita vile, kila mwanamume Mwafrika akatakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikebe cha chuma shingoni, ili asimkimbie mwajiri wa Kizungu. Na utaratibu wenyewe wa kupanga alama za vidole kwenye majalada ulikamilishwa Bengal, India, miaka ya 1890. Ukapewa jina la mkubwa wa polisi, Mwingereza Edward Henry, ingawa waliopiga hesabu zake walikuwa wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Kwa hiyo, wadau, fundi wa Chole akipakwa wino Mombasa ili akaishi Edmonton, anafuata njia ambayo wengi wamekwishapitishwa, na si kwa hiari yao.

Katikati ya Agosti nikarudi Canada na binti. Cheti cha Tanzania kikatoka. Septemba akanipigia usiku wa kule, sauti haitulii. Cha Kenya kimetoka. Nikakipakua, nikakisoma mara tatu. Hakuna kitu. Hakuna rekodi yoyote. Ule usiku wa Aprili 2018 haukuandikwa popote panapofika Nairobi. Ulikuwa umebaki kichwani mwa watu wawili, yeye na mzee wa Matondoni, na sasa mimi.

Sasa niambieni ukweli, nyie mngefanyaje? Swali lipo kwenye fomu. Cheti cha serikali kinasema mtu huyu ni safi. Ukiweka alama kwenye "hapana" hakuna mashine duniani itakayokukamata. Ukiweka kwenye "ndiyo" umejiletea maswali mwenyewe, labda miezi ya kuchelewa. Kaka yake akapiga simu kutoka Chole kuniambia nisiwe mjinga. Nami, nasema wazi, nilitaka kuandika hapana. Nilikuwa nimechoka kulala peke yangu na kuamka saa kumi alfajiri kwenda zamu na mtoto begani.

Aliyeamua ni mwenyewe. "Weka ndiyo," akasema. "Nimelificha jambo hili miaka sita, hata kwako nilikuwa nalikwepa, ukadhani nina mke. Nikienda kukaa kwao nalo nitakuwa nalificha maisha yangu yote. Kila barua ya serikali ikifika nitasema leo wamejua." Kisha akaongeza, "Hata hivyo sikufanya kosa kubwa. Nilikuwa nakwenda kununua misumari."

Tukaweka ndiyo. Nikamwandikia barua ya ukurasa mmoja, na niseme kwamba sijawahi kuhariri kitu kwa makini kama barua ile: tarehe, mahali, sababu, ameshikiliwa saa ngapi, ameachiwa vipi, hakushtakiwa. Muda wa kukaa uliokwisha nao tukautaja. Mzee wa Matondoni bado yuko hai. Mjukuu wake akaandika maelezo yake, mzee akaweka sahihi, picha yake ikaja kwa simu na ya karatasi ikafuata kwa posta. Siku hiyo pia shemeji yenu alimwambia mama yake. Mama mkwe alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ile chai ya asubuhi ilikuwa na sukari. Yamekwisha.

Kwa mlio kwenye foleni hii au mnaoijia, niliyojifunza ni haya. Usiichukulie kanuni ya nchi moja kuwa ni ya nchi zote. Canada wanahesabu miezi 6. Marekani, kwa nchi ulizowahi kuishi zamani, wanahesabu miezi 12 kuanzia ulipokuwa na miaka 16, lakini kama uliwahi kukamatwa mahali wanataka cheti cha mahali hapo hata kama ulikaa siku moja. Anayeomba cheti chake cha FBI analipa dola 18 na vidole vyake. Uingereza hawahitaji vidole. Ofisi yao ya ACRO inatafuta kwa jina, na cheti kikisema "No Trace" maana yake hakuna kitu, kikisema "No Live Trace" kuna kitu cha zamani wameamua kutokionyesha. Usishtuke, lakini jiandae kueleza. Vya Tanzania na Kenya vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hutafuti mtafsiri. Tunza pasipoti za zamani, zinakumbuka kuliko wewe. Na mwenzako akikwepa mwaka fulani, muulize taratibu, tena akiwa hana kazi mkononi.

Maombi yetu yaliingia Novemba 2024. Mashua ya mzee wa Bweni ilishuliwa kabla ya hapo, imechelewa lakini kaskazi ilikuwa haijaanza, na nilitumiwa video ya vijana wakiisukuma majini huku wanaimba. Shemeji yenu akaingia kwenye kazi nyingine siku iliyofuata, tezo na deheni, mikono ikarudi kama zamani.

Kisha ikaja barua. Tangu mwaka 2018 Canada wanachukua alama za vidole za waombaji kutoka Afrika. Barua inampa siku 30 za kwenda Dar kuchukuliwa alama, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kumwonya. Nilimpigia, akanyamaza, nikasikia tezo ikiwekwa chini. Mama mkwe yuko jikoni anakuna nazi za mafuta. Likitokea la kutokea nitawajulisha.